Wasiwasi na maumivu sugu: Kisiwa cha Mafia

Wasiwasi na maumivu sugu ni hali mbili za kiafya ambazo mara nyingi humpata mtu mmoja kwa wakati mmoja na kukolezana. Maumivu sugu ni yale yanayodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3. Magonjwa ya wasiwasi ni kundi la maradhi ya akili ambamo hofu na fadhaa hupita kiasi, haziishi, na humzuia mtu kufanya shughuli zake. Uhusiano wa hali hizi ni wa pande mbili: anayeumwa kwa muda mrefu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata ugonjwa wa wasiwasi, na mwenye wasiwasi huyasikia maumivu mapema zaidi na kwa nguvu zaidi. Katika Wilaya ya Mafia, Mkoa wa Pwani nchini Tanzania, uhusiano huo unajitokeza katika maradhi ya matende na mabusha, katika kazi za pwani na mashambani, na katika njia anazopita mgonjwa kati ya zahanati, mganga na hospitali za bara.

Maana na mipaka

Mwaka 1979 Chama cha Kimataifa cha Uchunguzi wa Maumivu kilitoa ufafanuzi wa maumivu unaotumika hadi leo, kikaurekebisha mwaka 2020. Kwa ufafanuzi huo, maumivu ni hali isiyopendeza ya hisia za mwili na za nafsi kwa pamoja, inayotokana na jeraha au inayofanana na ile inayoletwa na jeraha. Hivyo mtu anaweza kuumwa kweli hata kama picha ya eksirei na vipimo vya damu havionyeshi kasoro. Toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika Januari 2022, liliyapa maumivu sugu nafasi yake yenyewe. Limo humo kundi la maumivu sugu ya msingi, yaani yale ambayo ndiyo ugonjwa wenyewe, si dalili ya ugonjwa mwingine.

Magonjwa ya wasiwasi ni pamoja na wasiwasi wa jumla, ambao kwa kawaida huhesabiwa baada ya kudumu miezi 6. Yamo pia mashambulizi ya ghafla ya hofu kuu, hofu ya kuwa mbele ya watu, na hofu ya kitu au mahali maalumu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 301 duniani walikuwa na magonjwa haya mwaka 2019.

Wasiwasi wa kawaida si ugonjwa. Mke wa mvuvi anayeona kusi imechacha na ngalawa haijarudi ana kila sababu ya kuhangaika. Unakuwa ugonjwa pale ngalawa imekwishapandishwa ufukweni, mume amekwishakula na kulala, naye bado moyo unamwenda mbio, siku baada ya siku, miezi ikapita, usingizi ukakatika na kazi za nyumbani zikamshinda.

Jinsi hali hizi zinavyochocheana

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walichapisha nadharia ya lango la maumivu. Walieleza kuwa taarifa za maumivu hazipandi moja kwa moja kutoka kwenye jeraha hadi ubongoni. Katika uti wa mgongo zinaweza kupunguzwa au kuongezwa, na ubongo wenyewe una njia za kushuka zinazoamua kiasi gani kipite. Utafiti uliofuata umeonyesha kuwa sehemu za ubongo zinazoshughulikia hofu, hasa amigdala, zinashirikiana kwa karibu na njia hizo, na kwamba kemikali za serotonini na noradrenalini zina kazi katika hofu na katika maumivu pia.

Wasiwasi huongeza maumivu kwa njia kadhaa. Misuli ya shingo, mabega, taya na kiuno hukaza bila mtu kujua, na msuli uliokaza kutwa huuma. Homoni za dharura, yaani adrenalini na kortisoli, zikiendelea kumwagwa kwa muda mrefu huuchosha mwili. Usingizi hupungua, na mtu asiyelala huvumilia maumivu kidogo kuliko aliyelala. Mwisho ni usikivu: mwenye wasiwasi huupekua mwili wake, na kila mchomo mdogo huusoma kama dalili ya saratani, ya moyo au ya uchawi.

Maumivu nayo huzaa wasiwasi kupitia hofu ya kujongea. Johan Vlaeyen na Steven Linton walifafanua mwaka 2000 mzunguko ambao mtu akishaumia huogopa kuumia tena, hivyo huacha kujongea. Kuacha kujongea hudhoofisha misuli na kukaza viungo. Kisha kazi ndogo tu huuma zaidi kuliko zamani, na maumivu hayo mapya huonekana kuwa ushahidi kwamba hofu ilikuwa na haki. Mkwezi wa minazi aliyeanguka anaweza kupona mfupa ndani ya miezi michache, lakini kama kila akiinama anahisi mgongo utakatika, ataacha kuinama, na mwaka wa pili utamkuta ana maumivu makubwa kuliko ya wiki ya kwanza.

Ushahidi wa ukubwa wa uhusiano huu umetoka katika nchi nyingi. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani ulioongozwa na daktari Mnigeria Oye Gureje na kuchapishwa mwaka 1998 ulihusisha wagonjwa wa huduma za afya ya msingi katika vituo 15 vya nchi 14, kikiwemo cha Ibadan. Takriban asilimia 22 ya wagonjwa walikuwa na maumivu ya kudumu, na hao walikuwa na uwezekano wa karibu mara 4 wa kuwa na ugonjwa wa wasiwasi au sonona kuliko wasiokuwa na maumivu hayo.

Mazingira ya Mafia

Wilaya ya Mafia inajumuisha kisiwa kikuu pamoja na visiwa vidogo vya Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu. Makao makuu yake ni Kilindoni, ambako pia ipo hospitali ya wilaya. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya wakazi 66,000. Wengi ni wavuvi na wakulima wa minazi, muhogo na mpunga, na kusini mwa kisiwa ipo Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995.

Bahari ndiyo riziki, na ndiyo pia chanzo cha hofu. Kimbunga Hidaya kilipotua Mafia tarehe 4 Mei 2024 kiliwakumbusha wakazi jinsi hali inavyoweza kugeuka kwa siku moja. Hata siku za shwari, mgonjwa anayehitaji matibabu yasiyopatikana wilayani huvuka maji hadi Nyamisati katika Wilaya ya Kibiti, kisha hushika barabara ya Dar es Salaam, au hupanda ndege ndogo kama familia ina uwezo. Nauli, mahali pa kufikia mjini na nani atabaki na watoto ni mambo yanayoanza kumsumbua mgonjwa kabla daktari hajamwandikia rufaa.

Matende na mabusha

Mfano ulio wazi zaidi wa maumivu ya muda mrefu yanayoambatana na fadhaa Mafia ni ugonjwa wa matende na mabusha. Husababishwa na minyoo midogo, *Wuchereria bancrofti*, inayoenezwa na mbu na kuharibu mishipa ya limfu. Miaka mingi baadaye mguu au mkono huvimba na ngozi kuwa ngumu, na kwa wanaume maji hujaa kwenye korodani. Mpango wa Taifa wa kutokomeza ugonjwa huu ulianza kugawa kingatiba mwaka 2000, na Mafia ndiko ugawaji ulikoanzia. Aliyeuongoza katika miaka hiyo ni Mwelecele Malecela, mtafiti aliyekuja kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na baadaye mkurugenzi wa kitengo cha magonjwa yasiyopewa kipaumbele katika Shirika la Afya Duniani. Alifariki mwaka 2022.

Kingatiba, yaani ivermektini na albendazoli zinazomezwa mara moja kwa mwaka, huzuia maambukizi mapya. Haiurudishi mguu uliokwisha kuvimba. Mwenye matende huendelea kupatwa na vipindi vya homa kali, baridi, mguu kuwaka moto na mitoki kutokeza kwenye kinena, siku kadhaa hawezi kusimama. Vipindi hivi ndivyo vinavyomfunga kwenye wasiwasi, kwa kuwa havitoi taarifa. Mtu hukubali kwenda kuvuna, kisha asubuhi ya siku yenyewe mguu ukakataa. Baada ya hapo hujizuia kuahidi lolote, hukwepa harusi na maziko, na aibu ya mguu au ya busha humtenga zaidi. Mwaka 2015 watafiti walikadiria kuwa sonona miongoni mwa wagonjwa wa matende na mabusha na wanaowahudumia hugharimu dunia zaidi ya miaka milioni 5 ya maisha yenye afya kila mwaka.

Tiba ya nyumbani inaonyesha jinsi mwili na nafsi zinavyohudumiwa kwa tendo moja. Mgonjwa huketi na beseni la maji safi ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida. Huosha kuanzia juu kushuka chini, akifungua kila kunjo la ngozi na kila nafasi ya vidole, husuuza hadi maji yatoke safi, kisha hukausha kwa kitambaa kwa kukandamiza bila kusugua. Penye mpasuko hupaka dawa ya vijidudu au ya fangasi. Mguu huinuliwa anapoketi na anapolala, na kifundo huzungushwa mara kadhaa kwa siku. Utaratibu huu hupunguza vipindi vya homa kwa sababu bakteria hawapati pa kuingilia. Hupunguza pia hofu, kwa kuwa mgonjwa sasa ana jambo la kufanya kuhusu kile alichodhani hakizuiliki. Mabusha hutibiwa kwa upasuaji, na mwanamume aliyefanyiwa hurudi kwenye kazi na kwenye hadhara.

Kazi na mwili

Maumivu mengine hutokana na kazi. Kilimo cha mwani, ambacho Mafia kinafanyika upande wa Jibondo, hutegemea maji ya bamvua: maji yakitoka, wakulima, wengi wao wanawake, huingia na vigingi na kamba, huinama kwa saa nyingi wakifunga miche, kisha hubeba mizigo ya mwani uliolowa hadi nchi kavu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu wakulima wa mwani wa Zanzibar uliorodhesha uchovu, maumivu ya misuli na viungo, matatizo ya macho na ya kupumua, na majeraha ya wanyama wa baharini na makombe makali. Kusuka ukili huweka mgongo na magoti katika mkao mmoja kwa muda mrefu. Kuvua pweza na kuzamia humchosha mtu kifua na masikio.

Kazi hizi hazina mshahara wa mwezi. Siku ya kulala ndani ni siku isiyo na fedha, na bamvua lililopita halirudi hadi lingine. Ndiyo maana ushauri wa kupumzika wiki mbili, unaotolewa kirahisi zahanati, unaweza kuongeza wasiwasi badala ya kupunguza maumivu.

Namna wagonjwa wanavyojieleza

Mgonjwa wa wasiwasi pwani ya Tanzania kwa kawaida hafiki zahanati akisema ana wasiwasi. Husema kichwa kinagonga, kiuno kinakata, tumbo linawaka, mwili unachoma, miguu imekufa ganzi. Mazungumzo huenda kwa mtindo huu:

— Shikamoo, bibi. Pole. Nini kinakusumbua?

— Marahaba, mwanangu. Mwili wote unaniuma. Mgongo, mabega, mpaka kisogoni.

— Usingizi unaupata?

— Nalala saa 4, saa 8 niko macho. Nawaza.

— Unawaza nini, bibi?

— Mtoto yuko Dar, mwezi wa pili huu hajapiga simu. Na mgongo huu ndio wa kulimia.

Mhudumu asipouliza swali la usingizi, mazungumzo huishia kwenye mgongo. Katika kitabu namba 5 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), yaani rejesta ya wagonjwa wa nje, huandikwa maumivu ya misuli, na bibi huondoka na vidonge vya siku 5. Swali moja la ziada ndilo linalofungua upande wa pili wa ugonjwa. Dodoso fupi la GAD-7, lenye maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita na alama kutoka 0 hadi 21, hutumiwa pia kwa Kiswahili. Alama 10 na kuendelea humtaka mhudumu achunguze zaidi.

Uganga na pepo

Wagonjwa wengi hutumia hospitali na uganga kwa pamoja. Mwanaanthropolojia Mwingereza Pat Caplan alianza utafiti katika kijiji cha Kanga, kaskazini mwa Mafia, mwaka 1965, na akarudi mara kadhaa katika miongo iliyofuata. Mwaka 1985 alichunguza chakula, afya na uzazi. Kitabu chake *African Voices, African Lives* cha mwaka 1997 kinafuata maisha ya mwanakijiji anayeitwa humo Mohammed, pamoja na Mwahadia aliyekuwa mkewe na binti yao Subira, na masuala ya maradhi na pepo yana nafasi kubwa katika simulizi zao.

Katika uganga wa pwani, maumivu yanayohama mwilini, mapigo ya moyo na kukosa usingizi vinaweza kuelezwa kuwa kazi ya pepo au ya husuda. Tiba huwa kombe, hirizi, mafusho, dua au ngoma ya kupunga. Jamaa hukusanyika, mgonjwa husikilizwa kwa saa nyingi, na ugomvi wa ndani ya ukoo hupata nafasi ya kusemwa. Kwa mwenye wasiwasi, mambo haya yana uwezo wa kutuliza. Hatari yake ni kuchelewa: kifua kikuu cha uti wa mgongo, saratani au kisukari kinachoharibu mishipa ya fahamu havingoji.

Utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2003 na Ngoma, Prince na Mann ulikuta magonjwa ya kawaida ya akili, yaani wasiwasi na sonona, kwa asilimia 48 ya wagonjwa waliofika kwa waganga wa jadi, dhidi ya asilimia 24 katika vituo vya afya ya msingi. Kwa hiyo mganga, ambaye shughuli yake inatambuliwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, ni mtu wa kushirikishwa katika kuelekeza wagonjwa, kwa kuwa ndiye anayewaona wengi wao.

Uchunguzi na matibabu

Hatua ya kwanza ni kuondoa magonjwa yanayohitaji tiba ya haraka. Homa, kupungua uzito, udhaifu wa miguu, kushindwa kuzuia mkojo, au maumivu ya kifua wakati wa kazi ni dalili za kufanyiwa uchunguzi bila kusubiri. Upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi ya shingo huweza kuleta mapigo ya moyo na kutetemeka vinavyofanana na wasiwasi. Vipimo vikishatosha, kuendelea kuvirudia huongeza hofu, na kumwambia mgonjwa kuwa hana kitu humfanya aone anatuhumiwa uongo. Maelezo yanayosaidia ni kwamba maumivu ni ya kweli, mishipa ya fahamu imekuwa nyepesi kushtuka, na hali hiyo inaweza kutulizwa.

Tiba zisizo za dawa ndizo msingi. Tiba ya fikra na tabia humsaidia mgonjwa kutambua mawazo yanayokuza maumivu na kurudi kwenye shughuli hatua kwa hatua. Mkulima wa mwani huanza na muda mfupi majini, hunyoosha mgongo kabla hajachoka, kisha huongeza kidogo kila bamvua. Kupumua polepole kwa tumbo, kutembea kila siku na saa maalumu ya kulala husaidia pande zote mbili.

Katika dawa, amitriptilini kwa dozi ndogo hutumika kwa maumivu ya mishipa ya fahamu na huleta usingizi. Humezwa mara moja usiku, hivyo haigongani na mfungo wa Ramadhani. Fluoksetini na dawa za jamii yake hutumika kwa wasiwasi, nazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu. Duloksetini, inapopatikana, hufanya kazi kwa wasiwasi na kwa aina kadhaa za maumivu sugu. Diazepamu hutuliza haraka lakini huzoeleka, kwa hiyo haifai kwa muda mrefu. Diklofenaki inayonunuliwa dukani na kumezwa mwezi baada ya mwezi huleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Dawa yoyote ya wasiwasi haiachwi ghafla bila ushauri.

Huduma

Tanzania ilianza mapema kupeleka afya ya akili katika ngazi ya msingi kwa mradi wa majaribio wa miaka ya 1980 katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro. Sheria ya Afya ya Akili ilipitishwa mwaka 2008. Hospitali ya Mirembe mjini Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927, na idara ya magonjwa ya akili ya Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, hupokea wagonjwa wa rufaa, lakini mwenye wasiwasi na maumivu ya kiuno mara chache anahitaji kufika huko. Huyu ni mgonjwa wa zahanati.

Mfano unaofaa kwa visiwa umetoka Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianzisha Benchi la Urafiki, ambapo wanawake watu wazima wa mtaani waliopewa mafunzo huketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya kituo cha afya na kumsaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 na kuhusisha watu 573 lilionyesha kuwa dalili zilipungua zaidi kwa waliohudumiwa kwenye benchi kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Mtindo huo umefika pia Zanzibar. Mafia inao wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao wanajulikana nyumba kwa nyumba na hawahitaji boti kumfikia mgonjwa wa kijijini kwao.

Kupona kwa hali hizi mbili hakumaanishi kila mara kwamba maumivu yameisha. Kipimo kinachotumika zaidi ni uwezo: kama mgonjwa amerudi shambani, analala usiku, anahudhuria maziko na harusi, na amepunguza vidonge vya dukani. Anayetibiwa maumivu peke yake au wasiwasi peke yake huchelewa kufika hapo, kwa sababu upande ulioachwa huendelea kuulisha mwingine.

*Tazama pia:* Mabusha; Matende; Mwani; Sonona; Tiba asili; Uti wa mgongo.